Macho Yaliyoanzia Kushoto

Mimi, Mastura binti Uweso, nina maradhi yasiyotibika kwa kombe wala kwa hirizi: kutaka kujua. Nilipokuwa mtoto hakuna chungu kilichofunikwa nisichokifunua, na marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Huyu siku akiolewa atamfunua mumewe kama sufuria, aone ndani mna nini." Tulikuwa tukicheka. Sikujua kwamba itafika wiki moja, hapa hapa Pangani, nitakapoletewa posa mbili na nisiruhusiwe kuuliza lolote juu ya mwanamume hata mmoja.

Posa ya kwanza ilitoka kwa Mwalimu Msafiri, mtu wa Tongoni, aliyekuja kufundisha shule ya wavulana mwanzoni mwa mwaka ule wa hamsini na tano. Ya pili ilitoka kwa Sadalla, mnunuzi wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, mwenye lori na nyumba ya ghorofa inayotazama mto. Baba yangu, Mzee Uweso, naye anauza mbata, basi hakuna haja ya kuuliza moyo wake ulilalia wapi. Lakini baba ni mtu wa taratibu. Posa iliyotangulia kufika ndiyo itakayotangulia kuulizwa, na siku yenyewe ni Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

"Na desturi waijua," alinikumbusha Shangazi Mwanamkasi, dada yake baba, aliyenilea tangu mama afariki. "Mwali akiulizwa, akinyamaza, karidhia. Akilia au akitoa neno, kakataa. Ukimkataa wa kwanza, waulizwa wa pili."

"Na nikimkataa wa pili?"

"Wa pili hakataliki, mwanangu. Baba yako keshakula halwa yake."

Nilikaa chini juu ya kibao cha mbuzi, nazi nusu mkononi. "Sasa shangazi, nitanyamazaje juu ya mtu nisiyemjua? Ana sauti gani? Ana hasira? Akicheka hucheka vipi?"

"Mie namjua. Ananifundisha."

Hapo inanilazimu nikueleze habari ya kanga. Shangazi yangu msahafu anausoma, na barua za herufi za Kiarabu huwaandikia hata majirani. Lakini herufi za kizungu zilikuwa kwake kama nyayo za kuku. Miaka ile kanga za maandishi ya kizungu zilikuwa zimejaa madukani, na yeye akanunua doti moja kwa kupenda rangi zake. Akaivaa kwenye matanga ya mama mkwe wake. Wifi zake walipoanza kunong'onezana alidhani wanaisifia, akageuka na mgongo waione vizuri. Mpaka mtoto mmoja wa shule alipoisoma kwa sauti mbele ya waombolezaji wote: *Sasa Nimepumzika*.

Ndoa ilinusurika chupuchupu. Baada ya hapo shangazi akawa wa kwanza kukalia mkeka katika darasa la akina mama, ambalo Mwalimu Msafiri alilifungua kila alasiri, wavulana wakishaondoka.

Mimi herufi hizo nilikuwa nazijua. Nilisoma shule ya wasichana mpaka darasa la sita, na mwalimu wetu mkuu alifika nyumbani kumwomba baba anipeleke chuo cha ualimu. Baba alimmiminia kahawa, akamsikiliza, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Kesho yake akanitoa shule. Tangu siku hiyo nikawa mwali wa ndani, na dunia nikawa naitazamia kwenye upenyo wa dirisha.

"Nichukue," nilimwambia shangazi.

"Nikuchukue wapi?"

"Darasani. Nikamwone."

Alianza kukataa, lakini damu yetu ni moja, na maradhi yangu sikuyaokota njiani. Alhamisi, baba alipokwenda Mwera kutazama minazi, alinivisha buibui lake la zamani.

"Huko wewe ni mkamwana wangu, Bi Mgeni, umetoka Mwera. Hujui a wala be. Na usiulize kitu! Apa."

"Wallahi sitauliza kitu mpaka darasa liishe."

Hayo maneno ya mwisho hakuyapenda, lakini tulikuwa tumeshachelewa.

Chumba cha darasa kilinuka chaki na jasho la wavulana waliotoka kupalilia bustani ya shule. Madawati yalisukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa. Waume wa mjini walilikubali darasa lile kwa sharti moja, kwamba mwalimu asizitazame nyuso za wake zao. Sharti halikuwa zito, maana sote tulijitanda tukabakisha macho. Macho hayakutajwa katika sharti.

Nilitarajia mtu mrefu. Hakuwa mrefu. Alivaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, soksi ndefu, na kofia ya kiua iliyokwisha kufifia kwa kufuliwa. Mkono wa shati ulikuwa mweupe kwa chaki mpaka kwenye kiwiko. Sauti yake ndiyo iliyonifanya nijivute mbele kwenye mkeka. Alisema polepole, kama mtu anayekuambia jambo ambalo hajamwambia mwingine.

Aliandika ubaoni: *Nazi mbichi ina maji matamu.*

"Kwanza someni kwa macho," alisema. "Bila sauti. Mkishamaliza ndipo nitapita na kijiti."

Darasa likawa kimya. Akasimama pembeni, kijiti mkononi, akitutazama macho mkeka kwa mkeka. Alipofika kwetu alisita, kisha akaendelea.

"Bi Mwanamkasi, tusomee."

Shangazi alivuta pumzi. "Ma-ta-mu. Ma-ji."

"Tunaanzia wapi, Bi Mwanamkasi?"

"Tunaanzia kulia, mwalimu, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tangu tuna meno ya utoto. Huko kushoto kwenu tutafika inshallah."

Wanawake waliangua kicheko, na yeye pia akacheka. Nikajua sasa anavyocheka: kichwa nyuma, bila kujizuia, kisha anajifuta macho kwa mkono wenye chaki na kujipaka uso mzima.

"Pengine Wazungu ndio waliopotea njia," alisema. "Lakini kanga wameandika wao. Tuwafuate kidogo, tujue wanatuvisha matusi gani."

Mvua ya vuli ilianza kunguruma upande wa Bweni, ng'ambo ya mto. Wanawake wakakunja mikeka haraka, wakakimbilia makwao. Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ana goti bovu, na kwamba goti hilo haliwezi kabisa kutembea kwenye matope. Tukabaki. Mwalimu alipoona tumebaki sisi wawili, alitoka akasimama nje ya kizingiti, chini ya ukingo wa paa, bega moja likilowa. Hakutaka isemwe kwamba alikaa ndani na wake za watu.

Nilimtazama akilowa kwa ajili ya heshima yangu. Darasa lilikuwa limekwisha, na kiapo changu kimekwisha nalo.

"Mwalimu," nikasema.

Shangazi alinifinya paja.

"Naam, Bi Mgeni."

"Nasikia ulikuwa karani wa shamba la mkonge. Kiti, meza, feni juu ya kichwa. Mtu huachaje hivyo akaja kula vumbi la chaki?"

Hakukasirika. Alifikiri kwanza, na hilo nalo nililipenda. Wanaume wengi niwajuao huanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Kule shambani watu wametoka mbali," alisema. "Milimani, bara, kusini. Barua zikija kutoka makwao huletewa karani azisome. Unamsomea mtu kwamba mama yake kafa, naye anakutazama mdomo, hajui neno linalokuja. Wewe ushalijua. Umeshaliona neno hilo mstari mzima kabla yake. Nilichoka kuwa wa kwanza kujua misiba ya watu, Bi Mgeni."

"Mimi ningefurahi kuwa wa kwanza kujua."

"Siku ya kwanza, ndiyo. Hata mimi nilifurahi."

Mvua ilizidi. Akajisogeza kidogo, bega likaendelea kulowa.

"Na huu ualimu umekupa nini?"

"Kikohozi."

"Sema kweli."

"Kikohozi ni kweli!" Akacheka. Halafu akaacha mzaha. "Haya, nitakwambia. Mwalimu hana pa kukosea. Nikinunua samaki, watu wasimama kutazama kama nitateta na mchuuzi. Nikicheka sana barazani, jioni wazazi wamekwisha pata habari. Ngoma ikilia nasikilizia chumbani kwangu, huku mguu wenyewe wacheza. Na huna kwako. Ukishauzoea mji, ukajua nani akaanga mihogo mizuri na nani atia maji kwenye maziwa, wanakuhamisha. Na watoto wanakupita, ndiyo kazi yenyewe, uwafundishe wakupite. Juzi mmoja alinipita na gari. Nilimfundisha kushika kalamu yule. Kanimwagia matope kutoka kichwani mpaka kwenye soksi."

"Ukakasirika?"

"Alisimamisha gari, akarudi kinyumenyume, akashuka kwenye matope yale yale na viatu vyake vizuri, akasema, 'Shikamoo mwalimu.' Akaenda zake. Nikabaki njiani nimejaa tope nacheka peke yangu. Watu walidhani nimepandisha shetani." Alikitazama kijiti chake. "Karani hapati siku kama hiyo. Labda wewe waona ni kitu kidogo."

"Sikioni kidogo."

Alinitazama, akainamisha macho haraka. Mimi sikuyainamisha yangu. Nasema wazi, sioni haya: nilimpenda pale pale, amelowa bega na uso umejaa chaki, na kama swali langu lililofuata lingejibiwa vizuri, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Na lini watakuhamisha?"

"Wamekwisha nihamisha. Mwezi wa kwanza naenda Mkwaja."

Shangazi aligutuka. "Mkwaja? Na darasa letu?"

"Hakuna mwenzangu anayelitaka, Bi Mwanamkasi. Wanasema kufundisha watu wazima ni kujitafutia maneno. Na kule Mkwaja waume wamekataa katakata, hawataki mwanamume mbele ya wake zao. Wangekuwa na mwalimu mwanamke..." Akaacha.

"Na mkeo atafanya nini huko?" niliuliza.

"Sina mke. Nimepeleka posa nyumba moja."

"Nimesikia. Huyo ukimpata, atafanya nini?"

"Atakaa ndani." Alisema haraka, kama mtu asomaye kitu kilichoandikwa na mwingine. "Ndivyo ilivyosemwa kwenye posa. Mshenga wangu, Mzee Safari, aliniambia baba wa binti ni mtu wa zamani, nikitaka kumpendeza nimwahidi binti yake hataonwa na jua. Nikaahidi."

Niliusukuma mkono wa shangazi pajani mwangu.

"Yaani wake za watu uwatoe uwafundishe, wa kwako umfungie?"

Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye kofia.

"Hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza swali gumu hivyo."

"Hilo si jibu, mwalimu."

"Sina jibu. Nilitaka kumpata tu. Mbele ya hapo sikufikiri."

"Hujamwona hata siku moja. Ulitaka kumpata kwa lipi?"

"Kwa Bi Mwanamkasi huyu hapa! Kila siku ananihadithia mtoto wa kaka yake anayeuliza maswali mpaka mpikaji anaunguza wali. Nikawa nakwenda nyumbani najiuliza, ni mtu gani huyo? Anauliza nini? Nikashindwa kulala kwa kutaka kujua."

Niligeuka kumtazama shangazi. Alikuwa akiyachunguza makuti ya paa kwa makini sana.

Mvua ikaanza kupungua. Tuliinuka. Nilipofika mlangoni, mwalimu alijitoa kando atupishe, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nami nina swali, Bi Mgeni. Wewe umesoma wapi?"

"Sijasoma."

"Nilipowaambia msome kwa macho, macho ya wenzako wote yalianzia kulia. Yako yalianzia kushoto. Na yalishafika mwisho wa mstari kijiti changu hakijainuka." Hakutabasamu. "Sikuulizi jina. Lakini huko uendako ukikutana na binti Uweso, mwambie kesho akinyamaza nitafurahi. Na akisema, nitataka kujua amesema nini."

Njia nzima shangazi alinisihi. "Nyamaza kesho, mwanangu. Unyamaze kimya cha jiwe. Ukishaingia ndani mwake utamgeuza polepole. Mwanamume hugeuzwa ndani ya chandarua, hageuzwi barazani."

"Lakini nikinyamaza nimeiridhia posa yote, shangazi. Na ile ya kukaa ndani imo."

"Na ukisema, ni Sadalla."

"Najua."

Desturi ilikuwa na milango miwili tu, na yote miwili ilifungwa kwa nje.

Ijumaa ikafika. Nilikalishwa kwenye kitanda cha chumba cha kati, nimefunikwa kanga mpya. Baba aliingia na Mzee Safari, mshenga wa mwalimu, pamoja na mzee wa nyumba ya jirani aliyeitwa awe shahidi. Shangazi alisimama nyuma yangu, na mkono wake ulikuwa tayari mgongoni, karibu na mahali anapofinya.

Baba alikohoa. "Mwanangu Mastura. Mwalimu Msafiri wa Tongoni kakuposa. Kaahidi kukustiri na kukuweka ndani kwa heshima, usionwe na jua. Mie, kwa haki, nasema niliyonayo moyoni mbele ya wazee hawa. Ualimu una heshima, silikatai hilo. Mwalimu huamkiwa na kila mtu. Lakini heshima haipikwi. Na mwalimu hana kwao, leo hapa, kesho wamemrusha kule. Jina lenyewe Msafiri! Na huko Mkwaja wanakomhamishia, kama Mzee Safari alivyosema, nasikia simba hunywa maji nyuma ya shule. Nimekwisha sema. Sasa nakuuliza wewe. Wamridhia?"

Nyumba nzima ilinyamaza nami. Nilisikia kuku uani. Nilisikia pumzi ya Mzee Safari, ana pumu kidogo. Nilijaribu, Mungu ananiona, nilijaribu kunyamaza. Niliwaza lile bega lililolowa. Niliwaza kicheko chake. Kisha nikaziwaza siku zangu huko Mkwaja, naitazama dunia kwenye upenyo wa dirisha jingine, na yeye anarudi jioni mkono una chaki, nami nauliza, "Leo umefundisha nini?"

Mzee Safari aliinua mikono. "Alhamdulillahi. Kanyamaza. Tusome Fatiha."

"Baba," nikasema.

Mkono wa shangazi uliganda mgongoni mwangu.

"Baba, namridhia mwalimu. Lakini kukaa ndani sikuridhia. Huko Mkwaja wanawake hawana wa kuwafundisha. Nataka nifundishe."

"Kasema!" alipiga ukelele yule mzee wa nyumba ya jirani. "Mwali kasema. Kakataa."

"Lakini kasema amridhia," alisema Mzee Safari, mikono ingali hewani.

"Karidhia kwa mdomo! Ridhaa ya mdomo ni ya wajane. Mwali hukubali kwa kimya."

"Basi amekubali au amekataa?"

"Kakataa kwa kukubali!"

"Basi!" alisema baba. Sijapata kumwona vile. "Mzee Safari, kamwambie aliyekutuma kwamba binti kasema. Yatosha. Kesho watu wa Sadalla watajibiwa."

Wazee walitoka wakibishana mpaka barabarani. Nikakaa pale pale na kanga yangu mpya. Machozi yalikuja sasa, wakati hayakuwa na maana tena kwa desturi yoyote.

Nilitegemea baba atafoka. Hakufoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo nami, akavua kofia akaiweka gotini.

"Nani kakufundisha kusema mbele ya wazee?"

"Shule uliyonipeleka wewe, baba."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo. Mie mwenyewe."

Maswali yote niliyouliza maishani, kuna moja sikupata kuliuliza. Nikaliuliza.

"Baba, kwa nini ulinitoa?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimemzika mama yako. Yule mwalimu mkuu akaja, akanywa kahawa yangu, akaniambia atakuchukua akupeleke mbali, uwe mwalimu, kisha serikali ikupeleke mbali zaidi. Nikasema moyoni, na huyu naye? Wote wawili?" Aliigeuza kofia upande wa pili. "Sadalla nyumba yake naiona kutoka dirishani kwangu. Hiyo tu ndiyo hesabu yangu. Lori lake silijali hata kidogo."

Nilikuwa nimemkasirikia miaka yote kwa jambo ambalo halikuwamo kichwani mwake.

Alasiri ikaingia. Nilijua darasa limeanza. Nilijua Mzee Safari amekwisha fika na habari yake ya neno moja. Shangazi hakwenda, alikaa jikoni akichambua mchele uliokwisha chambuliwa. Baba alikuwa barazani na dele la kahawa, peke yake.

Ndipo nikaisikia ile sauti.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee wangu."

Niliruka mpaka nyuma ya pazia la mlango. Shangazi alikuwa keshafika pale kabla yangu, na goti lake bovu.

Mchumba haji mwenyewe. Pangani nzima hakuna asiyelijua hilo: anayo midomo ya wazee ya kusemea. Lakini Mwalimu Msafiri alikuwa amesimama chini ya baraza letu, hakupanda hata ngazi moja, kijiti chake kingali kwapani na chaki mpaka kwenye kiwiko. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia.

"Marahaba," alisema baba. "Umepotea njia, mwalimu?"

"Sikupotea, mzee. Mzee Safari kaja kuniambia kwamba binti kasema. Nikamuuliza, kasema nini? Akaniambia, 'Kasema.' Nikamuuliza tena. Akaniambia mwali akisema haiulizwi kasema nini. Nimeshindwa kufundisha, mzee. Nimeliacha darasa zima limekaa. Nimekuja kuuliza."

Baba alimkodolea macho. "Umevuka mji mzima kuja kuuliza hilo?"

"Ndiyo, mzee. Alisema nini?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza baba yangu habari zangu kwa namna ile. Alilazimika kujibu.

"Kasema akuridhia. Kasema hataki kukaa ndani. Ati ataka afundishe wanawake wa Mkwaja."

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

"Basi nina kosa mbele yako, mzee. Ile ahadi ya kukaa ndani niliitoa kwa kutaka kukupendeza. Haikuwa yangu. Jana kuna mtu aliniuliza swali juu yake nikashindwa kujibu, na leo nina jibu. Naifuta mbele ya watu hawa wote wanaochungulia. Naposa upya, kwa maneno yake yeye. Tutakwenda Mkwaja pamoja, atafundisha mkeka wake nami nitafundisha madawati yangu. Sitakudanganya, ni mbali, na ni kweli kuna simba. Lakini shule zikifungwa, kila zikifungwa, tutavuka pantoni tuje tule hapa. Na akijifunza kufundisha kama anavyouliza, siku moja shule ya wasichana ya Pangani itamtaka yeye kuliko inavyonitaka mimi."

Akavua kofia yake ya kiua. "Mzee Uweso. Waridhia?"

Baba hakujibu. Alinyoosha mkono akalichukua dele, akamimina kahawa kikombeni, akampa.

Hivyo ndivyo alivyomfanyia mwalimu mkuu: kahawa, kisha shukrani, kisha kumsindikiza mtu mpaka njiani, basi. Nilimshika shangazi mkono nikangoja neno la shukrani.

Halikuja. Baba alimimina kikombe cha pili, chake mwenyewe. Alisogea kwenye mkeka, akampigia mwalimu kwa kiganja pahali pa kukaa. Alifungua kinywa. Akageuka akalitazama pazia, moja kwa moja mahali nilipokuwa, kama aliyekuwa akijua tangu mwanzo kwamba nipo. Akakifunga.

Majirani walingoja. Mwalimu alikaa chini polepole, kikombe mkononi, hajui bado, akimtazama baba usoni kama mtu anayesoma mstari usiokwisha.

"Kanyamaza," alinong'ona shangazi. Halafu hakunong'ona tena. Alilifungua pazia, akatoka barazani bila buibui, akapiga kigelegele kilichosikika Bweni. "Mashahidi mpo? Kaulizwa mbele yenu! Kanyamaza!"

Baba aliinamia kikombe chake akanywa, machozi yakimlengalenga, na hakusema kitu.